Maswali ya Wasomaji: Roboti za Kulipia kwa Mwezi

Barua za mara hii zimetoka Mwanza na kando ya Ziwa Victoria, na zote zinauliza juu ya mashine zinazokodishwa kwa malipo ya mwezi badala ya kuuzwa. Tunaanza na ile inayohitaji jibu refu kuliko zote, maana mengi yaliyomo yanawahusu hata wenye biashara nyingine.

Nina kiwanda cha maji ya kunywa. Tunajaza chupa 2,400 za lita moja na nusu kwa saa, tunazifunga kwa nailoni, vijana wanne wanapanga. Kampuni moja inataka kuniletea mkono wa roboti wa kupanga pakiti kwenye paleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mzigo. Nilipe kila mwezi kwa miaka 3, matengenezo juu yao, kianzio hakuna. Nisaini?
*Mwenye kiwanda, Nyakato*

Ndugu yetu, kabla hujaugusa mkataba, toka nje uangalie gari linavyopakiwa. Kama mzigo wako unaondoka kwa Fuso au Canter na vijana wanapandisha pakiti mojamoja mpaka bodi ijae, roboti itapanga paleti ambayo muda mfupi baadaye itabomolewa kwa mikono. Utailipia kazi ileile mara mbili. Mkono huo una faida pale ambapo paleti inakwenda nzima: inaingia stoo nzima, inapandishwa kwa foklifti, na mteja wako ana namna ya kuishusha. Kama ni wateja wawili tu wanaopokea paleti nzima, hesabu mzigo wa hao wawili peke yao.

Tuseme hilo lipo. Sasa chukua mizani. Chupa 12 za lita moja na nusu ni kilo 18 za maji, na plastiki yake inafikisha kama kilo 18.4. Mkono ulioandikwa "kilo 20" unaonekana unatosha, lakini zile kilo 20 zinajumlisha na kishikio kilichofungwa mwishoni mwa mkono. Kishikio cha kubeba pakiti ya namna hiyo kinaweza kuwa na kilo 4, na hapo umeshafika kilo 22.4. Roboti itakataa, au itafanya kazi taratibu huku viungo vyake vikichakaa kabla ya wakati. Ukifunga chupa sita sita, pakiti ina kilo 9.2, na pamoja na kishikio ni 13.2. Hapo mkono wa kilo 20 unabeba bila shida, lakini wa kilo 10 au 12 hauwezi.

Lakini pakiti za sita zinaleta swali la mwendo. Chupa 2,400 kwa saa ni pakiti 400, yaani moja kila sekunde 9. Mkono wa aina inayofanya kazi pembeni ya watu bila uzio hupunguziwa mwendo kwa ajili ya usalama, na mara nyingi huhitaji sekunde 8 hadi 10 kwenda na kurudi. Hauna akiba yoyote. Paleti ikijaa na kijana akichelewa dakika mbili kuleta nyingine, pakiti 13 zitakuwa zimejazana kwenye konveya, ule mkanda unaozileta. Waulize wanaokuletea: mwendo mliotaja mliupima kwa pakiti yenye uzito gani, na kwa kuifikisha tabaka la ngapi la paleti? Tabaka la juu ndilo linalochelewesha, kwa sababu mkono unapanda na kuzunguka zaidi. Dawa yake ni sehemu mbili za paleti, kushoto na kulia, ili moja ikijaa roboti ihamie ya pili bila kusimama. Hilo liandikwe kwenye mkataba, lisibaki kuwa ahadi ya mdomo.

Kishikio chenyewe kikague kwa macho yako. Vile vya kunyonya kwa hewa vinashika katoni vizuri, lakini nailoni ina mikunjo na nafasi kati ya vifuniko vya chupa, hewa inavuja na pakiti inadondoka. Kwa pakiti za nailoni dai kishikio chenye vidole vinavyoingia chini, au kinachobana pande mbili. Wapelekee pakiti zako 20 halisi, zikiwamo zile ambazo nailoni yake ilishika vibaya kwenye tanuri, na wakuonyeshe zikipangwa zote.

Kuhusu bei, usiilinganishe na mishahara ya vijana wanne moja kwa moja. Ilinganishe na pakiti. Kwa mfano tu, tuseme ada ni shilingi 4,500,000 kwa mwezi. Ukifanya kazi zamu moja ya saa 8 kwa siku 26, ni saa 208 na pakiti 83,200, kwa hiyo kila pakiti inabeba shilingi 54. Ukifanya zamu mbili, ada ni ileile lakini pakiti ni 166,400, na kila moja inabeba shilingi 27. Kwa hiyo mashine ya ada ya mwezi inamfaa mwenye zamu mbili kuliko mwenye moja. Na usitumie uwezo wa mtambo uliobandikwa ukutani. Fungua daftari la uzalishaji la miezi mitatu iliyopita, uchukue pakiti zilizotoka kweli, pamoja na siku ambazo umeme ulikatika au chupa zilichelewa. Kama mauzo yako yanashuka sana msimu wa mvua, omba ada yenye sehemu mbili: kiasi kidogo kisichobadilika, na kingine kwa kila pakiti iliyopangwa.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaumiza watu wa mbali na Dar es Salaam. Mkataba utasema mashine itakuwa kazini asilimia 95 ya muda. Kwa zamu mbili ni saa 416 kwa mwezi, na asilimia 5 yake ni karibu saa 21. Maana yake mashine inaweza kusimama zaidi ya zamu mbili nzima kila mwezi na wewe ukalipa ada yote. Zaidi ya hapo, angalia saa zinaanza kuhesabiwa lini. Mikataba mingi huhesabu tangu fundi alipopokea taarifa ndani ya saa za ofisi, na huondoa muda wa kusafirisha spea. Barabara kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Mashine ikisimama Ijumaa jioni, saa zao zinaweza kuanza Jumatatu asubuhi. Andikeni hivi: saa zinahesabiwa tangu mashine iliposimama kiwandani mpaka ilipoanza tena, na kila saa inayozidi kiwango inapunguza ada ya mwezi huo kwa shilingi kadhaa zilizotajwa.

Hata hivyo punguzo la ada halipangi pakiti. La maana zaidi ni sanduku la spea linalokaa kwako: kishikio kizima cha akiba, kebo ya kishikio (hiyo hukatika mapema kwa sababu inajikunja kila safari), vali na mipira ya hewa, kihisi (sensa) cha kugundua pakiti, na fyuzi. Kijana wako mmoja afundishwe kuvibadilisha na kuiwasha mashine upya bila kupiga simu. Mara nyingi mashine husimama kwa sababu ya kihisi chenye vumbi au pakiti iliyopinda, na mtu aliyefundishwa vizuri anaimaliza shida hiyo kwa dakika tano.

Umeme nao usiusahau. Mikono mingi ya kundi hili inatumia umeme wa njia moja (single phase) na haili sana, kinachokula ni kompresa. Tatizo ni umeme kuyumba na kukatika. Unapokatika, breki za viungo hushika mkono ulipo, ila kishikio kinachoendeshwa kwa hewa hupoteza nguvu na pakiti inaanguka kabla jenereta haijawaka. Kwa hiyo dai vali ya kuzuia hewa isirudi pamoja na tangi dogo la hewa, UPS (betri ya akiba) ya kompyuta ya roboti, na stebilaiza kwa mfumo mzima. Ulizeni pia ni nani anayelipa kompyuta ikiungua kwa umeme. Kama mkataba unasema "hitilafu ya umeme wa mteja", ni wewe.

Ukikubaliana nao kwa hayo yote, usianze na miaka 3. Anza na miezi mitatu ya majaribio yenye haki ya kurudisha, kisha mwaka mmoja unaoweza kuongezwa. Na ijulikane mapema nani analipa kung'oa mashine, kuirudisha, na kurekebisha sakafu.

Kwa nini wenye roboti hizi wanapenda kukodisha kuliko kuuza? Faida yao iko wapi?
*Mwanafunzi wa biashara, Malimbe*

Sehemu ya historia iko kwenye maghala ya Marekani. Mwaka 2012 Amazon ilinunua Kiva Systems, watengenezaji wa roboti za kusogeza rafu, kwa dola milioni 775, na baadaye ikazibakiza roboti hizo kwa matumizi yake yenyewe. Kampuni nyingine zilizozitegemea zikabaki bila mtu wa kumgeukia. Mojawapo ilikuwa Quiet Logistics, na kutoka humo ikazaliwa Locus Robotics, ambayo hukodisha roboti zake kwa wenye maghala. Mwenye ghala anaweza kuongeza roboti msimu wa mauzo makubwa na kuzirudisha ukiisha. Formic, iliyoanzishwa 2020, ilipeleka mtindo huo kwa viwanda vidogo kwa kutoza kwa saa.

Mkodishaji anapata pesa inayoingia kila mwezi, na mashine moja inaweza kumzungukia wateja watatu katika maisha yake. Tena roboti inamtumia taarifa za kila hitilafu, naye anaboresha programu ya zote kwa pamoja. Hatari ipo upande wa pili. Rethink Robotics ya Boston, iliyokuwa maarufu kwa roboti zake Baxter na Sawyer, ilifunga milango Oktoba 2018. Hizo zilikuwa zimeuzwa, na wanunuzi walibaki nazo mikononi. Roboti ya kukodi inayotegemea seva, yaani kompyuta kuu, ya kampuni inayoikodisha inaweza kuzimika siku seva inapozimwa. Ndiyo maana mteja makini huuliza kama mashine inaendelea kufanya kazi intaneti ikikatika, na kwa siku ngapi.

Kiwanda chetu kinachakata sangara kwa ajili ya kuuza nje. Tumeletewa ofa mbili kwa malipo ya mwezi: roboti ya kukata minofu, na roboti za magurudumu za kusogeza troli kati ya ukumbi wa kufungashia na chumba cha baridi. Ipi ina maana?
*Msimamizi wa uzalishaji, Ilemela*

Ya kwanza tunakushauri uiache kwa sasa. Mashine za kukata minofu zimekomaa kwa samaki wa kufugwa wanaolingana ukubwa. Sangara wa kuvuliwa wanakuja wadogo kwa wakubwa katika kreti moja, na mkataji mzoefu anaurekebisha mkono wake kwa kila samaki. Kila gramu ya nyama inayobaki kwenye mfupa inakutoka mfukoni kila siku, na hasara hiyo haionekani kwenye ada. Wakisisitiza, waombe wakate tani moja ya samaki wako mbele yako, kisha upime minofu kwa asilimia ya samaki mzima na kuilinganisha na ya wakataji wako wa siku hiyohiyo.

Ya pili inawezekana, ila ina masharti yake. Betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Roboti inayoingia kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri lazima itoke kuchajiwa nje, na betri yake iachwe ipate joto kwanza, la sivyo inaharibika kwa ndani na uwezo wake unashuka moja kwa moja. Ikitoka kwenye baridi na kukutana na hewa yetu yenye unyevu wa ziwa, maji yanatengeneza umande kwenye lenzi na ndani ya viunganishi vya umeme. Roboti ikiona ukungu kwenye lenzi hudhani kuna ukuta mbele, inasimama mlangoni, na mlango wa chumba cha baridi unabaki wazi. Mpango mzuri ni kuzuia roboti isiingie kabisa: iishie kwenye kizingiti, ndani apokee mtu au konveya.

Angalia pia kinga ya maji. Alama ya IP54 ni kwa matone ya kurukiwa tu. Ukumbi unaooshwa kwa bomba la presha unahitaji IP69K, au angalau IP67 pamoja na utaratibu wa kuiondoa roboti wakati wa kuosha. Klorini mnayosafishia inakula alumini, kwa hiyo uliza juu ya bodi ya chuma kisichoshika kutu. Grisi ya viungo iwe ya daraja la chakula, H1. Mifereji ya sakafuni yenye wavu nayo ikaguliwe, maana gurudumu dogo linanasa kwenye tundu ambalo mtu hata halioni.

Na jambo hili tunaliwekea mkazo: roboti isivuke kutoka upande wa samaki wabichi kwenda upande wa minofu iliyosafishwa. Magurudumu yake yanabeba uchafu kama buti za mtu, na yenyewe haikanyagi dawa mlangoni isipofundishwa. Iingizeni kwenye mpango wenu wa usafi wa HACCP, ule wa kudhibiti usalama wa chakula, kabla mkaguzi hajauliza. Kwa kuwa ni ya kukodi, andikeni kwamba hamtapokea mashine iliyotoka kiwanda kingine bila cheti cha kusafishwa, na kwamba kuiosha kwa dawa zenu hakutafuta wajibu wao wa kuitengeneza.

Hoteli yetu iko ufukweni. Tunataka roboti mbili za kupeleka chakula mezani. Watakuja kuzifunga baada ya wiki mbili. Tuandae nini?
*Meneja, Capri Point*

Dada, chukua tepu ya kupimia. Roboti nyingi za aina hii zinahitaji njia ya sentimita 70 isiyoguswa na kiti kilichovutwa nyuma mgeni akiwa amekaa. Weka sentimita 90 na utapata amani. Ngazi hazipandi hata moja, na vizingiti vya mlango vinavyozidi sentimita moja vifanyiwe mteremko. Kila trei hubeba kama kilo 10, lakini mchuzi na supu vinamwagika inapofunga breki ghafla. Mwendo wa trei yenye supu uwekwe chini, na bakuli lisijazwe mpaka ukingoni.

Kioo ndicho adui mkubwa. Kipimo cha leza kinapita kwenye kioo na roboti inaona ziwa mahali penye mlango. Bandika utepe usiopitisha mwanga kwenye vioo vyote kwa urefu wa kipimo hicho, kwa kawaida sentimita 20 hadi 30 kutoka sakafuni. Jua la saa kumi na moja jioni likimulika moja kwa moja upande wa baraza, kamera za roboti za kupimia umbali zinapofuka, kwa hiyo pazia zishushwe au roboti isitumwe upande huo saa hizo. Wale inzi wa ziwani wanaoinuka kama moshi juu ya maji nao hufuata taa: asubuhi yake lenzi na feni zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, kabla ya kuiwasha.

Pimeni waifai kwa kutembea na simu kwenye njia yote ya roboti, siyo kwa kukaa karibu na ruta. Ikiwa nje kuna mahali isiposhika, ongezeni kifaa kimoja cha kurushia waifai. Vifaa vya mawasiliano ya redio vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na hilo ni la mkodishaji kuthibitisha. Na kwa kuwa roboti zina kamera zinazopita katikati ya wageni, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu. Ulizeni picha zinahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani anaziona, kisha wekeni tangazo mlangoni.

Mkodishaji wetu wa nje anataka dola 1,000 kwa mwezi "safi mkononi". Kuna wa hapa nchini naye ametupa bei ya dola. Kodi zikoje?
*Mhasibu, Igoma*

Malipo ya huduma kwa asiye mkazi yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 15. Anayetaka 1,000 safi anakutaka wewe ubebe kodi hiyo: gawanya 1,000 kwa 0.85, gharama yako ni karibu dola 1,176.50. Hiyo ndiyo bei ya kulinganisha na wengine. Kama mmesajiliwa VAT, huduma iliyonunuliwa nje nayo ina hesabu yake ya VAT ambayo mnaifanya wenyewe kwenye ritani. Yule wa ndani hana ruhusa ya kukupa bei ya dola: kanuni za Machi 2025 zinataka bei na malipo ya ndani ya nchi viwe kwa shilingi. Mwambie aandike upya, na kifungu cha kupandisha bei kitaje kiwango na tarehe, siyo "kulingana na soko". Mwisho, muulizeni wa nje mashine inaingia kwa utaratibu gani wa forodha. Ikiingia kwa muda ili irudi, kwa kawaida ina kikomo cha miezi 12, wakati mkataba wenu labda ni wa 24.

Mimi ni kijana wa kupakia mizigo. Hizi mashine zikija nitafanya nini?
*Msomaji, Buhongwa*

Mdogo wetu, tunakujibu kwa uwazi: kazi ya kunyanyua katoni zilezile sehemu ileile ndiyo inayoondoka kwanza. Kupakia gari lisilo na paleti, kushusha mwaloni, na kupanga mizigo isiyolingana bado ni kazi ya watu kwa muda mrefu. Kila roboti ya kukodi inahitaji mtu wa hapohapo wa kuiangalia, na wakodishaji wanamtafuta kwa sababu fundi wao yuko mbali. Ukiweza, soma umeme wa viwandani VETA, ujue kutumia multimita, vali za hewa, vihisi, na kuweka anwani za mtandao kwenye kompyuta. Ukiwa kazini, omba uwe ndiye unayefundishwa mashine inapofungwa. Mwajiri anayesoma hapa tunamsihi amfundishe anayeijua kazi tayari, kwa sababu ndiye anayetambua pakiti mbovu kabla ya kihisi.

Kikundi chetu cha mpunga kina ekari 60 karibu na ziwa. Tumeambiwa kuna droni za kunyunyizia dawa kwa kukodi. Tulipe kwa mwezi?
*Katibu wa kikundi, Magu*

Hapana, lipeni kwa ekari. Dawa mnapiga mara chache kwa msimu, na ada ya mwezi itaendelea kuliwa mpunga ukiwa umeshavunwa. Mwendeshaji awe na kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, chini ya kanuni za 2018 za ndege zisizo na rubani, nakala yake mbaki nayo.

Eneo lipimeni wenyewe kwa kuzunguka na simu yenye GPS kabla hajaja. Ekari zake zitoke kwenye kumbukumbu ya safari za droni, na zile zilizorudiwa kwa makosa yake zisihesabiwe. Bomba la mgongoni hutumia maji kama lita 80 kwa ekari, droni hutumia kama lita 4 hadi 6. Kipimo cha dawa kwa ekari hakibadiliki, kwa hiyo mchanganyiko wa droni unakuwa mkali zaidi ya mara kumi kuliko wa bomba. Soma lebo kama inaruhusu kupigwa kwa maji machache hivyo, na changanya kidogo kwenye ndoo kwanza uone kama haigandi, kwani dawa za unga huziba pua za droni.

Betri moja yenye mzigo hukaa hewani kama dakika 10, basi aje na betri tatu au nne na jenereta ya kuchajia shambani. Upepo nao una zamu zake huku kwetu: alfajiri hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na jua likipanda unageuka kutoka ziwani. Ukipiga alfajiri, dawa inasukumwa kwenye maji wanakovuliwa dagaa na sangara. Acheni ukanda mpana usionyunyiziwa upande wa ziwa, piga katika kile kipindi cha utulivu kati ya pepo hizo mbili, na majani ya juu ya mpunga yakianza kuyumba mfululizo, droni ishushwe.